Fika Nyumbani Mzima

Neno kwa wababa na wamama wa kazi, Likasi, Katanga

Yairo alikuwa mtu wa kazi. Injili inamtaja kuwa mmoja wa wakuu wa sinagogi, mtu ambaye watu wanamngojea, mtu ambaye asipofika jambo haliendi. Binti yake wa miaka 12 alipougua hakutuma mtumishi. Hakusema atakwenda akishamaliza. Alitoka yeye mwenyewe, akapenya katikati ya umati, akaanguka chini mbele ya watu waliozoea kumwona ameketi kiti cha mbele. Tumehubiri sana juu ya imani yake, na ni haki. Leo nataka mtazame miguu yake. Miguu hiyo ilimtoa kazini ikampeleka kutafuta uzima wa mtoto, kisha ikamrudisha hadi ndani ya chumba alimolala, baba na mama wakiwa pamoja kando ya kitanda. Na msichana alipoinuka, watu wote wakiwa bado wameduwaa, Bwana aliwapa wazazi agizo la jikoni: mtoto atafutiwe chakula.

Wapendwa, muujiza ule uliishia kwenye sahani!

Ninawaandikia ninyi mnaoamka kabla ya jua. Wewe baba wa Shituru unayerudi kutoka zamu ya usiku macho mekundu. Wewe kijana wa Panda unayepanda lori kwenda kwenye mashimo ya Kambove. Wewe mwalimu unayemaliza darasa la asubuhi ukaanza lingine jioni kwa sababu mshahara haufikishi mwezi. Wewe muuguzi. Wewe mama wa meza pale sokoni Kikula. Wewe twangaise unayevunja mawe kwa nyundo kutwa nzima, na wewe unayeyaosha mtoni mtoto akiwa mgongoni. Siwaandikii wavivu, maana katika mji huu sijaona mzazi mvivu anayedumu. Ninawaandikia watu waliochoka, na ninawaambia kwa nguvu zote nilizo nazo: kazi yako haijafika mwisho pesa inapoingia mfukoni. Inafika mwisho pale inapogeuka kuwa damu, mifupa na usingizi wa mtoto wako. Isipofika hapo, jasho lako limemwagika njiani.

Najua tulikotoka. Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, ilijifunza kwa hasara kwamba mtu anayekaa mbali na familia yake hufa mapema au hutoroka. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920 ikawataka wafanyakazi waje na wake zao na wakae kambini miaka mingi. Nyumba ilitoka kwa kampuni. Posho ilitoka kwa kampuni, ikapimwa kwa hesabu ya mke na watoto. Mtoto alizaliwa katika maternite ya kampuni, akapimwa uzito kwa mizani ya kampuni, akasoma shule iliyojengwa na kampuni na kushikwa na mapadri. Mwaka 1967 mali ile ikawa ya Serikali, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ikabaki ileile. Wazee wetu walikuwa wakisema: kampuni njo baba, kampuni njo mama. Haukuwa wema mtupu. Kampuni ililea watoto wetu kama mikono ya kesho, ya kushika sururu. Lakini watoto walikula, walitibiwa, walisoma, na mimi siwezi kuwalaumu wazazi waliolala usingizi wakijua hivyo.

Kisha baba huyo akaanguka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Shaba iliyokuwa ikipita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 haikufika hata 50,000 miaka kumi baadaye. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa miezi, ikakatika. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapewa fungu moja la mwisho. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kitabu kizima juu ya watoto wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, walioachwa na baba yao.

Nani alishika nyumba? Wamama! Wale ambao kampuni iliwafundisha kushona na kupika na kukaa nyumbani kungoja mshahara, ndio waliotoka na beseni kichwani: unga, makala, samaki, mafuta ya mawese, ndizi. Wewe mwenye miaka 30 au 40 unayesoma hapa, angalia vizuri uone kama karo yako haikutoka ndani ya beseni hilo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba neno juu ya mzazi wa kazi ni neno la wababa peke yao, wala asiniambie kwamba afya ya watoto ni neno la wamama peke yao. Siku hizo zimekwisha. Nyumba nyingi za Likasi leo zinasimama kwa mikono minne, na nyingine kwa mikono miwili tu, ya mama.

Lakini kuna jambo moja la zamani lililobaki ndani yetu, nalo linatuumiza. Bado tunangoja mtu mwingine aje kumpima mtoto. Baba analeta pesa na kuona amemaliza. Mama anauza hadi usiku na kuona amemaliza. Mtoto anakohoa juma la pili, na kila mmoja anafikiri mwenzake ameshajua. Hakuna kampuni inayokuja tena, jamani! Ile mizani imerudi mkononi mwako. Mtoto anachanjwa akizaliwa, anachanjwa tena akiwa na juma la 6, la 10 na la 14, kisha mwezi wa 9 kwa surua na homa ya manjano. Baba, je, unajua kadi ya mwanao imewekwa wapi ndani ya nyumba? Unajua sindano gani haijapigwa? Wewe unayejua tarehe ya kulipwa hata ukiamshwa usingizini, shika na tarehe ya sindano.

Sasa nataka kusema juu ya vumbi, na hapa nitakaa, maana tumelizoea kiasi cha kutoliona.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walitoa vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga yetu. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti na metali nyingine kupita wenzao wa mbali, na kobalti hiyo ilizidi kiasi chochote kilichokuwa kimewahi kuandikwa kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi kiwandani. Na watoto, ambao hawajawahi kushika sururu, ndio walioonekana kubeba zaidi. Mwaka 2018 walitoa habari za Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe: mkojo wa watoto wa pale ulikuwa na kobalti mara kumi hivi kuliko wa watoto wa eneo lisilochimbwa. Mwaka 2020 wakaandika juu ya watoto wachanga wa Lubumbashi waliozaliwa na kilema kinachoonekana. Walipowalinganisha na watoto waliozaliwa wazima, jambo moja lilijitokeza kwa nguvu: baba kufanya kazi ya madini kulikwenda pamoja na hatari iliyopanda mara tano hivi. Baba, ndugu zangu. Baba, ambaye mimba haiko tumboni mwake.

Watafiti wenyewe wanasema kwa uangalifu, nami nitasema kwa uangalifu. Hawakusema kwamba kila kilema kinatoka kwenye vumbi. Wala mimi sitaki mzazi hata mmoja ajifungie chumbani na kujihukumu kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa hivyo. Nasema zaidi: mtoto huyo asiitwe mulozi, na mama yake asiitwe mtu wa laana, na nabii yeyote anayeomba pesa ili kutoa pepo kwa mtoto mwenye mguu uliopinda asikanyage nyumba yako. Mpeleke mtoto kwa daktari. Mbebe mbele ya watu kichwa kikiwa juu.

Lakini lile tunaloweza kuzuia, tulizuie! Vumbi halipandi basi kuja nyumbani. Tunalileta. Linakuja katika mshono wa suruali, katika soli ya buti, katika nywele, chini ya kucha. Baba anafika, mtoto anakimbia kumkumbatia, na katika furaha ile mtoto anavuta puani kile ambacho baba alifungiwa nacho kiwandani kwa saa tisa. Kisha mama anachukua nguo zile na kuzikung'uta uani, mtoto mchanga akiwa mgongoni, na kuzitia ndani ya beseni moja na nepi.

Sikieni basi. Buti libaki nje ya mlango. Nguo ya kazi ivuliwe kabla ya kumshika mtoto, na mtoto afundishwe kungoja kidogo. Upendo unaongoja kidogo haupungui. Kama kazini kuna bafu, oga huko. Kama hakuna, ulizeni pamoja, kwa sauti moja, kwa njia ya wawakilishi wenu wa sendika: bafu liko wapi, kabati la nguo liko wapi, barakoa ziko wapi? Mama, nguo hizo zilowekwe bila kukung'utwa, zifuliwe peke yake, ndani ya chombo chake. Nyumba isifagiliwe kavu. Nyunyiza maji kwanza, au pangusa kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu unalipandisha vumbi hadi puani mwa anayetambaa. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, kucha zikatwe. Watoto wasicheze juu ya vilima vya mabaki ya kiwanda, hata kama ndiyo nafasi pekee iliyo wazi mtaani.

Na mawe yasilale ndani ya nyumba! Najua kwa nini gunia linawekwa chini ya kitanda: wezi. Lakini watoto wanalala juu yake. Sisi watu wa Likasi tunakaa karibu na Shinkolobwe, mahali palipotoa sehemu kubwa ya urani ya lile bomu lililoangukia Hiroshima mwaka 1945. Serikali ilipafunga mwaka 2004 baada ya watu wetu kurudi kuchimba kobalti mle. Jiwe halikuambii limebeba nini. Jengeni kibanda chenye kufuli, wekeni zamu ya ulinzi, majirani watano au sita kwa pamoja. Gunia likiibwa ni hasara ya juma moja.

Juu ya maji nitasema kwa ufupi. Kuchemsha maji ni lazima, kwa ajili ya kipindupindu na kuhara, na mtoto anayehara apewe maji ya chumvi na sukari ya kwenye pakiti pamoja na vidonge vya zinki, tena siku hiyohiyo. Lakini moto hauondoi metali. Maji ya viwanda vyetu yameshuka kwa miaka mingi katika mito hadi Lufira na ziwa la Tshangalele. Usichote maji ya kunywa mahali mawe yanapooshwa, hata kama yanaonekana meupe, hata kama bomba la REGIDESO limekauka na bidoni inauzwa ghali. Nunua bidoni moja ya kunywa na kupikia, na ya mtoni iwe ya kazi nyingine.

Sasa nije mezani, maana huko ndiko Bwana alikompeleka Yairo.

Bukari inashibisha. Inatia nguvu ya kubeba gunia. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu akilishwa bukari na mchuzi asubuhi na jioni atavimba miguu, nywele zitageuka rangi, na shavu litajaa hadi jirani aseme amenenepa. Amekosa chakula cha kujenga mwili! Hatuhitaji kuwa matajiri ili kukipata. Maharagi yapo. Karanga zipo, na sombe iliyotwangwa vizuri ikapikwa na karanga ni chakula cha heshima kuliko soseji yoyote ya dukani. Ndagala zipo, hata konzi moja, zisagwe ziwe unga na kutiwa ndani ya uji wa mtoto. Lengalenga na matembele zinaota nyuma ya nyumba kwa yeyote mwenye mita chache za udongo safi. Nasema safi: shimo la zamani na kando ya kiwanda pasilimwe mboga.

Na sasa, wababa, nisikilizeni bila kukasirika. Katika nyumba zetu nyingi sahani ya baba inapewa samaki, na watoto wanapewa maji ya samaki. Tumeita jambo hilo heshima. Naliheshimu neno la wazee, lakini mwili wako umekwisha kujengwa na wa mtoto bado unajengwa leo, na siku zake za kujengwa hazirudi. Baba, shika samaki huyo kwa mkono wako mwenyewe, mvunje vipande, weka kwenye sahani ya mdogo kuliko wote. Fanya hivyo mbele ya wote, ili mke wako asionekane amekuvunjia heshima. Na huyo mdogo awe na sahani yake, kwa maana akila pamoja na kaka zake kwenye sinia moja, mkono wao unakwenda mbio kuliko wake, na hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Na ile pombe ya lutuku? Mnajua nitasema nini. Siku ya mshahara mtu anapita kwanza kwa marafiki, na kufika nyumbani anafika mfuko mtupu, mdomo umejaa maneno. Chombo kimoja cha lutuku ni maharagi ya siku nzima. Wewe unayesema unakunywa ili kusahau uchovu, uchovu huo utakungoja kitandani, na asubuhi utakuwa umeongezeka na deni.

Lakini uchovu ni wa kweli, na sitaki kuupita mbio. Kuna wazazi hapa ambao hawanywi, hawazururi, wanapenda watoto wao, na bado wakifika nyumbani wanapiga kelele kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Kuna mama anayelia akiosha vyombo bila kujua analilia nini. Mtumishi wa Mungu Eliya alifika hapo. Alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwongezea saumu: alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale, na baada ya hapo ndipo safari ikaendelea. Ikiwa nabii alihitaji usingizi na mkate, wewe ni nani hata uvione kuwa dhambi? Baba wa zamu ya usiku apewe chumba kimya asubuhi, na watoto wafundishwe kucheza upande wa pili. Mama wa meza apumzike saa moja kila siku wakati mumewe anashika mtoto, na hiyo isiitwe msaada. Ni mtoto wake pia. Upimwe presha. Kikohozi kilichopita majuma mawili kipelekwe hospitali kupimwa kifua kikuu, hasa wewe mwenye kuvuta vumbi la shimo, maana mzazi anayeficha ugonjwa wake ili asipoteze siku ya kazi hupoteza mwaka.

Mkiwa nyumbani, muwe nyumbani. Nusu saa tu, simu ikiwa kabatini. Muulize mtoto alikula nini, anaumwa wapi, nani alimuudhi shuleni. Mtoto anayeulizwa kila siku atakuambia siku ile jambo baya litakapompata. Asiyeulizwa atakaa kimya, nawe utaarifiwa na majirani.

Ninyi wenye kazi za kutoa, wakubwa wa viwanda, wa makampuni ya usafiri, wa shule, wa maduka, nanyi mnaoketi nasi kanisani safu ya mbele: mnaijua Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inampa mama majuma 14 ya likizo ya uzazi. Inampa anayenyonyesha nusu saa mara mbili kila siku, na muda huo unahesabiwa kuwa wa kazi na kulipwa. Inawataka mtoe matibabu kwa mfanyakazi na kwa familia yake. Inampa baba siku 2 mkewe anapojifungua. Kwa nini basi mama anaogopa kusema ana mimba? Kwa nini vijana wanaandikwa kuwa wa kutwa mwaka baada ya mwaka, ili mtoto wao akiugua asiwe na karatasi ya kuonyesha? Mungu anaiona karatasi hiyo isiyoandikwa.

Katika kitabu cha Kutoka kuna mama aliyelipwa mshahara kwa kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe. Binti wa Farao, mtu wa jumba la mfalme aliyewatesa Waebrania, alimlipa mama yake Musa bila kumjua. Jumba la Farao lilipata nafasi ya ziwa la mama! Na wewe mwenye kampuni, uliyebatizwa na unayeshiriki meza ya Bwana, huna hata kiti cha kukalia mama nusu saa? Mama, wewe nawe, nusu saa hiyo idai. Miezi sita ya kwanza mtoto anyonye maziwa peke yake, bila maji wala uji. Ukilazimika kwenda, kamua maziwa ndani ya kikombe safi chenye kifuniko, anayebaki amnyweshe kwa kikombe. Inawezekana. Wamama wa Likasi wameyaweza magumu kuliko hayo.

Kwetu pia, tunaoshika makanisa, nina neno. Juma zima tunawaambia wazazi wapende watoto, kisha tunawachukua: kwaya siku ya nne, maombi siku ya tano, mkesha hadi alfajiri, na Siku ya Mungu kutoka asubuhi hadi saa tisa mchana, watoto wakisinzia juu ya mabenchi bila kula. Mzazi aliyefanya kazi siku sita tumemnyima ya saba. Sabato ilitolewa ili mtumwa apumzike, na punda pia. Wachungaji wenzangu, fupisheni! Acheni mkesha mmoja kwa mwezi urudi kwa watoto. Na ule wakati wa matangazo, badala ya kutaja michango mara tatu, mwiteni muuguzi aje kusema juu ya chanjo kwa dakika kumi.

Mtu mmoja hawezi kubeba haya yote, na sikumwita mtu mmoja. Tunajua likelemba. Tunatoa kwa zamu, mmoja anapokea, ananunua vitenge au mabati. Ninawaomba, mtaa kwa mtaa, muanzishe likelemba ya ugonjwa, isiyoguswa kwa arusi wala kwa matanga, ili usiku mtoto anapopata degedege ya malaria mtu asizunguke kugonga milango akiomba nauli. Ili mama aliyejifungua kwa kupasuliwa asizuiliwe hospitali na mtoto wake kwa sababu ya deni. Na ndani ya likelemba hiyo asiulizwe mtu anatoka upande gani. Mji huu ulikwisha kuona mwaka 1992 na 1993, pale kwenye stesheni, familia nzima na watoto wachanga wakilala nje kungoja gari la moshi, wakifukuzwa kwa sababu ya asili yao na majirani waliokula nao. Walikufa watoto pale. Jirani yako ndiye atakayemshika mtoto wako siku utakapokuwa shimoni, na homa haina kabila.

Nimebakiza mtu mmoja, ambaye hayumo katika hesabu ya mshahara wa nyumba yoyote.

Mtoto Musa alipowekwa mtoni, aliyesimama kando kumwangalia alikuwa dada yake. Likasi imejaa dada hao. Ana miaka 9, ana miaka 10, na saa hii ambapo wewe uko kwenye meza yako na mumeo yuko kwenye zamu, yeye anampikia mdogo wake uji kwenye mbabula, anamfunga mgongoni, anachota maji, anamnyamazisha. Tunamsifu mbele ya wageni: huyu ni mama mdogo. Wapendwa, yeye ni mtoto! Mgongo wake bado unakua. Moto wa makala unamfikia usoni. Na dada yake Musa alisimama muda mfupi tu, kisha akakimbia kumwita mama, na mama akaja. Wa kwetu hana wa kumwita hadi jioni.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali haitozi karo. Najua kuna daftari, kuna sare, kuna vijipesa vinavyoombwa mlangoni, na kwa hivyo likelemba na kanisa vitoe mkono. Najua pia swali lako ni moja: nani atabaki na mdogo? Ongea na wamama watatu wa meza zilizo jirani na yako. Mmoja abaki na watoto wachanga wote kwa siku, kwenye kibanda cha kanisa ambacho juma zima kinakaa kimefungwa, wengine wamuuzie bidhaa zake na kumpa hesabu kamili jioni, na kesho yake abaki mwingine. Wachungaji, toeni ufunguo. Wababa, wekeni mikeka na ndoo ya maji yenye bomba. Na yule binti, mama, mnunulie daftari leo ukitoka sokoni, na kesho, kabla hujapanga meza yako, mpeleke shule wewe mwenyewe, ukamwandikishe kwa jina lake.